Nishatimimea: Kabla ya Kuiita Safi, Tuulize Malighafi Imetoka Wapi

Swali tunaloulizwa mara nyingi ni kama nishatimimea, yaani nishati itokanayo na mimea na mabaki ya viumbe, kama ethanoli (pombe inayochomwa kama mafuta ya gari) na dizeli ya mimea, ni nishati safi kweli. Hatuwezi kulijibu kabla ya kujua mambo mawili: imetengenezwa kwa malighafi gani, na kama isingetengenezwa, malighafi hiyo ingeishia wapi. Ndani ya tangi, lita mbili za ethanoli hazitofautiani. Lakini moja huenda imetokana na miwa na kukenekwa (kutenganishwa na maji kwa kuchemshwa) kwa mvuke unaozalishwa kwa kuchoma makapi ya miwa hiyohiyo, na nyingine imetokana na mahindi yaliyokuzwa kwa mbolea nyingi ya viwandani, kiwanda kikiendeshwa kwa makaa ya mawe. Kuziita zote safi bila maelezo ni kumnyima mwananchi habari ya msingi.

Brazil ilianzisha Proálcool, mpango wa kuendesha magari kwa ethanoli ya miwa, mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973. Mwaka 2003 yakaingia sokoni magari yanayokubali petroli na ethanoli kwa uwiano wowote, na tangu hapo dereva huamua mwenyewe akifika kituoni. Kwa kuwa lita ya ethanoli humfikisha karibu 70% ya umbali wa lita ya petroli, huinunua bei yake isipozidi kiwango hicho. Nguvu ya mfumo huu ni kwamba makapi ya miwa tayari yako kiwandani. Hakuna wa kuyafuata shambani.

Mabua ya mahindi na majani ya ngano hayana bahati hiyo, na hapo ndipo matumaini makubwa yalipokwama. Sheria ya Marekani ya mwaka 2007 ililenga galoni bilioni 16 za mafuta yatokanayo na selulosi, yaani nyuzi ngumu za mimea kama mabua, ifikapo 2022. Kilichopatikana hakikufika hata sehemu moja ya kumi, na kingi kilikuwa gesi ya madampo. Wengi hulaumu vimeng'enya, kwamba vilikuwa ghali na vilishindwa kuuvunja ukuta mgumu wa mmea. Ni kweli, lakini kwa maoni yangu kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa malighafi yenyewe. Chukua gramu 100 za mabua, uziweke katika tanuri la nyuzi 105 za Selsiasi mpaka uzito usipungue tena, kisha upime upya. Zikibaki gramu 70, basi kati ya kila malori kumi uliyoyalipia, matatu yalibeba maji. Mabua hubeba pia mchanga wa shambani, unaokula visu vya mashine za kusagia, na chumvi za potasiamu zinazofanya majivu yayeyuke na kugandamana ndani ya boila. Mwekezaji asiyeonyesha vipimo vya unyevu na majivu kwa misimu yote ya mwaka hajawa tayari kujenga kiwanda.

Mbono kaburi, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kutengenezea dizeli, nao ulipigiwa debe miaka ya 2000 kuwa ungeshamiri kwenye ardhi duni. Uliota kweli, ila bila maji na rutuba mbegu zilikuwa haba.

Kwa kuni na vitonge vya mbao, swali letu la pili lina uzito wa pekee. Maranda ya kiwanda cha mbao yangeoza au kuchomwa ovyo, hivyo kuyageuza kuwa vitonge ni faida. Mti mzima uliokatwa kwa ajili ya boila hutoa kabonidioksidi yake mara moja, na mche unaoshika nafasi yake huhitaji miongo kadhaa kuifyonza tena. Sheria inayohesabu hivyo viwili sawasawa ina kasoro.

Sasa macho yote yako kwenye usafiri wa anga. Umoja wa Ulaya unawataka wasambazaji wachanganye 2% ya mafuta endelevu ya ndege kuanzia 2025, na 6% ifikapo 2030. Mengi ya mafuta hayo leo hutokana na mafuta yaliyokwisha kutumika kukaangia na mafuta ya wanyama, na bidhaa hizo zina ukomo. Bei ya mafuta yaliyotumika ikipita ya mafuta mapya, kishawishi cha kuuza mawese mapya kwa jina la taka kinakuwa kikubwa. Ukaguzi wa makaratasi pekee hautoshi. Lazima mkaguzi afike yanakokusanywa.

Biogesi, yaani gesi yenye methani nyingi inayokusanywa mtamboni samadi inapooza, ninaitetea kwa moyo wote, kwa sababu samadi iliyorundikwa kwenye mabwawa hutoa methani hata usipoigusa. Lakini methani hupasha joto angahewa takriban mara 28 kuliko kabonidioksidi kwa kipindi cha miaka 100, kwa hiyo mtambo unaovuja unaweza kufuta faida yake yote. Mwenye mtambo apake maji ya sabuni kwenye maungio ya mabomba na vali mara kwa mara. Maji hayo yakitoa mapovu, afunge gesi na kurekebisha siku hiyohiyo, mbali na moto wowote.