Je, wajua kwa nini ratiba ya zamu za wauguzi huitoa jasho hata kompyuta?

Chukua wodi yenye wauguzi 20 na ratiba ya siku 28. Kila siku muuguzi ama yuko zamu ya asubuhi, ya mchana, ya usiku, ama anapumzika. Ratiba zinazoweza kuandikwa ni 4 kwa kipeo cha 560, yaani namba yenye tarakimu 338. Hakuna kompyuta itakayozipitia moja moja, kwa hiyo ujanja wote uko katika kuzikwepa zisizofaa.

Kwanza masharti hutenganishwa. Yapo yasiyovunjwa kabisa: idadi ya wauguzi katika kila zamu, kutopangiwa zamu mbili kwa siku, kuwapo mwenye uzoefu usiku, na muda wa kupumzika. Sharti likiwa ni saa 11, aliyetoka saa 3 usiku hawezi kupangiwa saa 1 asubuhi, kwa kuwa atakuwa amepumzika saa 10 tu. Mengine ni matakwa, kama kupata Jumamosi uliyoiomba au kutopangiwa usiku mmoja mmoja uliotawanyika. Takwa lisilotimizwa huongeza alama za adhabu, na ratiba yenye jumla ndogo zaidi ndiyo hushinda.

Kabla ya kuwasha programu yoyote, piga hesabu ya kawaida. Wengi huiruka, kisha huilaumu kompyuta. Tuseme wodi yetu inahitaji wauguzi 5 asubuhi, 4 mchana na 3 usiku. Hizo ni zamu 12 kwa siku, 336 kwa siku 28. Kila muuguzi akifanya zamu 20, wote wanatoa 400. Watatu wakiwa likizo kipindi chote zinabaki 340, zinazotosha kwa taabu. Wakiwa wanne zinabaki 320, na hakuna hesabu itakayozizaa zile 16 zilizopungua.

Njia moja ya kutafuta ni kuandika 0 au 1 kwa kila muuguzi, siku na zamu, jumla namba 1,680, na kugeuza masharti kuwa milinganyo. Programu hutupa kwa mkupuo makundi mazima ya ratiba inapothibitisha kwamba hayawezi kuishinda bora iliyokwisha kupatikana. Ikimaliza, una hakika kwamba hakuna iliyo bora zaidi. Tatizo ni hilo neno “ikimaliza”: wodi ikiwa kubwa na masharti mengi, huenda ikachukua muda mrefu mno.

Ndiyo maana wengi hutumia njia ya kubadilishana. Unaanza na ratiba halali, unawabadilishia wauguzi wawili zamu za siku ileile ili idadi isivurugike, unahakiki masharti yao, kisha unahesabu adhabu upya. Ukikubali mabadiliko mazuri tu, utakwama mapema. Mwaka 1983 watafiti Kirkpatrick, Gelatt na Vecchi walichapisha njia inayoiga chuma kinachopozwa taratibu: mabadiliko mabaya nayo hukubaliwa, lakini kwa bahati inayopungua kadiri “joto”, yaani namba ambayo programu huipunguza hatua kwa hatua, linavyoshuka. Joto likiwa 10, badiliko linaloongeza adhabu 5 hukubaliwa takriban mara 61 kwa 100. Likifika 1, haifiki hata mara moja kwa 100.

Jumla ndogo ya adhabu, hata hivyo, inaweza kuficha uonevu. Mtu mmoja kubeba alama 12, au wanne kubeba 3 kila mmoja, kwa kompyuta ni 12 tu. Dawa yake ni kuzidisha alama za kila mtu kwa zenyewe kabla ya kujumlisha: sasa ni 144 dhidi ya 36, na mzigo unagawanywa.

Kosa jingine hutokea kwenye mpaka wa ratiba mbili. Programu isipopewa siku za mwisho za ratiba iliyopita, aliyemaliza kwa usiku nne mfululizo ataongezewa nne nyingine, na kila ratiba ikikaguliwa peke yake itaonekana safi. Na muuguzi akiugua katikati, usipange upya kila kitu: weka adhabu kwa kila zamu inayobadilika baada ya ratiba kubandikwa, ili programu imtafute mbadala kwa kuwagusa watu wachache iwezekanavyo.