“Si wangehama tu?”

Kila mwaka nikifika kwenye somo la Wanazi, chama cha Hitler kilichotawala Ujerumani na kuwaua Wayahudi, kuna mkono utanyooshwa: “Mwalimu, Wayahudi si wangehama tu?” Wiki iliyopita nimeulizwa tena, safari hii na mzazi, naye akajijibu mwenyewe: “Walipenda mno mali zao.” Nimechoka kulisikia hili.

Walihama! Mwaka 1933 Ujerumani ilikuwa na Wayahudi wapatao 500,000. Vita ilipoanza Septemba 1939, zaidi ya nusu walikuwa wameshaondoka. Na mali ndiyo waliyoiacha. Mwenye nazo alikatwa robo nzima kama kodi ya kuhama, akiba yake ikazuiliwa benki, akavuka mpaka na mark 10 mfukoni. Kuanzia Oktoba 1938 pasipoti yake iligongwa herufi J nyekundu, yaani Jude (Myahudi), baada ya Uswisi kushinikiza ipate njia ya kuwatambua wakimbizi hao. Mwanamume akalazimishwa kuongeza jina “Israel”, mwanamke “Sara”. Ofisa wa mpakani akiifunua tu pasipoti hiyo, ameshajua nani wa kumrudisha.

Wangeenda wapi? Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Évian, Ufaransa. Wakawahurumia wakimbizi kwa hotuba, lakini karibu wote wakakataa kuongeza nafasi. Kufikia katikati ya 1939 waliojiandikisha kuomba viza ya Marekani walizidi 300,000, na nafasi za mwaka mzima zilikuwa 27,370. Mei mwaka huohuo meli ya St. Louis ilifika Havana, Kuba, na abiria 937, karibu wote Wayahudi. Walioruhusiwa kushuka ni 28. Marekani nayo haikuwafungulia mlango, meli ikarudi Ulaya, na abiria 254 wakafa baadaye mikononi mwa Wanazi. Oktoba 1941 kuhama kukapigwa marufuku.

Ndiyo maana wanafunzi wangu nawataka wabadili kitenzi. Wasiulize kwa nini hawakuhama, waulize kwa nini hawakupokelewa.

Lipo na dai jingine ninalolisikia: “Hitler alichaguliwa na Wajerumani walio wengi.” Hapana. Katika uchaguzi huru kura nyingi kabisa ambazo chama chake kiliwahi kupata ni kama asilimia 37, Julai 1932. Ukansela, yaani ukuu wa serikali, alipewa na Rais Hindenburg, Januari 30, 1933.

Na la tatu: “Walioonewa ni Wayahudi peke yao, sisi hayatuhusu.” Waliuawa pia Waroma na Wasinti (jamii zilizozoeleka kuitwa Wajipsi), na watu wenye ulemavu wapatao 70,000 waliuawa kwa gesi mwaka 1940 na 1941. Mashahidi wa Yehova na mashoga walijazwa makambini. Na yupo Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyeingia jeshi la Wajerumani akiwa bado mtoto katika Vita ya Kwanza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani, akafia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Siku hizi somo naanza na huyu.