Askari Anayerudi Katika Hadithi za Kirusi

Imezoeleka kusemwa kwamba hadithi za Kirusi zilizoandikwa baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 zilimwonyesha askari akirudi nyumbani mchangamfu na timamu, na kwamba majeraha ya nafsi yalianza kuandikwa Umoja wa Kisovyeti ulipokaribia kuvunjika. Dai hili lina chembe ya ukweli, kwa kuwa wahakiki wa serikali walitaka hadithi za namna hiyo. Lakini walichotaka wao sicho pekee kilichoandikwa.

Mwaka 1946 jarida la Novy Mir lilichapa hadithi fupi ya Andrei Platonov, aliyekuwa mwandishi wa habari wa vitani, kuhusu kapteni Ivanov anayefika kwake na kujiona mgeni: mwanawe mdogo anaendesha nyumba kama mzee, mkewe anakiri upweke wake, naye, badala ya kusamehe, anapanda treni kuondoka, hadi anapowaona watoto wake wakiikimbilia reli, wakianguka na kuinuka. Hakuna mzinga unaolia humo, wala neno la kitabibu. Vita vimo katika ubaridi wa moyo wake. Mapema mwaka 1947 hadithi hiyo ilishambuliwa gazetini kwamba inaikashifu familia ya Kisovyeti.

Mikhail Sholokhov naye, katika hadithi iliyotoka kwenye gazeti la Pravda mwishoni mwa 1956 na mwanzoni mwa 1957, alimchora mateka wa zamani ambaye mchana hujikaza, ilhali usiku huamka mto wake umelowa machozi.