Bima ya dhima ya jumla ya biashara: kazi ni yako, madhara yake ndiyo ya bima

Fundi bomba anaunga mabomba katika ofisi iliyo ghorofa ya pili, anafungulia maji, anapapasa kila kiungo kwa kidole kikavu, anaridhika kwamba hakuna unyevu, kisha anakusanya vifaa vyake na kuondoka. Usiku kiungo kimoja, ambacho inaonekana hakikukazwa sawasawa, kinaachia. Maji yanatiririka hadi alfajiri, yanaloweka dari ya ghorofa ya chini, na dari inaporomoka juu ya kompyuta na majalada ya mhasibu ambaye hajawahi hata kuonana na fundi huyo. Kunapokucha mhasibu anadai vifaa vyake, mwenye jengo anadai dari yake, na mwenye ofisi anadai bomba lake litengenezwe upya. Fundi ana bima ya dhima ya jumla ya biashara, kwa hiyo anaipigia simu kampuni yake ya bima akiamini kwamba madai yote matatu yatalipwa.

Mawili yana kila sababu ya kulipwa. La tatu, yaani gharama ya kukifunga upya kile kiungo, litabaki mikononi mwa fundi mwenyewe. Nimechambua madai ya bima kwa miaka mingi, na ugomvi mwingi niliouona kati ya wafanyabiashara na kampuni za bima umezuka hapo hapo: mwenye bima alidhani amekatia bima kazi yake, kumbe alichokikatia bima ni madhara ambayo kazi hiyo inaweza kumletea mtu mwingine.

Dhima ni wajibu wa kisheria wa kumfidia mtu uliyemdhuru. Bima hii, basi, haiangalii hasara yako. Inamwangalia mtu wa tatu, yaani asiye wewe wala kampuni ya bima, aliyeumia, au mali ya mtu wa tatu iliyoharibika, na kuuliza kama sheria inakutaka wewe umlipe. Jengo lako likiungua au bidhaa zako zikiibwa, hiyo ni kazi ya bima nyingine. Neno “jumla” limewapotosha wengi, na upotovu huo una historia. Nchini Marekani, ilikotungwa fomu sanifu (mfano wa maneno ya hati ya bima) inayofuatwa zaidi, bima hii ilipoanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1940 jina lake lilibeba neno lenye maana ya “kamilifu”, kana kwamba hakuna kilichoachwa nje. Fomu ilipoandikwa upya mwaka 1986 neno hilo liliondolewa na mahali pake pakawekwa “ya biashara”, ili mnunuzi asidhani kwamba amenunua ulinzi dhidi ya kila kitu.

Nirudi kwenye kiungo cha bomba, kwa kuwa hapo ndipo penye uzito. Kwa nini kampuni ya bima ilipe dari isilipe bomba? Ubora wa kazi uko ndani ya uwezo wa fundi: ndiye anayechagua vifaa, ndiye anayepanga muda, na bei anayomtoza mteja tayari imebeba ahadi kwamba kazi itakuwa nzuri. Kama bima ingelipia marudio ya kazi mbovu, fundi mzembe angelipwa mara mbili kwa kazi moja, na fundi makini angechangia malipo hayo kupitia ada yake ya bima. Dari iliyoporomoka ni jambo la namna nyingine, kwani hakuna anayeweza kukisia mapema kama maji yataishia kwenye sakafu tupu au juu ya mashine za thamani kubwa. Hali hiyo ya kutokujua ndiyo inayokatiwa bima.

Mstari huo, hata hivyo, haujanyooka kama unavyoonekana. Katika fomu sanifu ya Marekani, uharibifu unaoipata kazi yako mwenyewe baada ya kukamilika umeondolewa kwenye bima, lakini kuna sentensi moja fupi inayorudisha sehemu ya ulinzi huo: kama kazi iliyoharibika, au kazi iliyosababisha uharibifu, ilifanywa kwa niaba yako na mkandarasi mdogo, uondoaji huo hautumiki. Mkandarasi mkuu aliyejenga jengo zima na kumwachia fundi wetu kazi ya mabomba anaweza basi kulindwa pale ambapo fundi mwenyewe halindwi, kwa tone lile lile la maji. Kampuni nyingi za bima huifuta sentensi hiyo kwa kiambatisho cha ukurasa mmoja kinachowekwa mwishoni mwa hati. Nawasihi makandarasi wakitafute kiambatisho hicho kabla ya kutia sahihi, kwa sababu nimeona hati mbili zenye jina moja na kurasa za mwanzo zinazofanana kabisa zikitoa majibu mawili tofauti kwa sababu ya ukurasa huo mmoja tu.

Sehemu ya kwanza ya bima hii, na ndiyo kubwa, inahusu majeraha ya mwili na uharibifu wa mali. Uharibifu wa mali una maana pana kuliko kuvunjika au kulowa. Kreni ya mjenzi ikiangukia barabara na kuziba njia ya kuingilia maduka ya jirani, maduka hayo hayana hata ufa, lakini wenyewe wameshindwa kuyatumia kwa siku kadhaa. Kushindwa huko kuitumia mali nako kumo ndani ya maana ya uharibifu. Sehemu ya pili hulinda dhidi ya madhara yasiyoonekana kwa macho: kashfa dhidi ya mtu au bidhaa yake, kumzuia mtu isivyo halali kwa kumshuku wizi, kumtoa mpangaji kinyume cha sheria, au kutumia kazi ya msanii katika tangazo lako bila ruhusa. Sehemu ya tatu ni ndogo, nayo hulipa gharama za matibabu za mtu aliyeumia kwenye eneo lako bila kuuliza kosa ni la nani. Udogo wake usidharauliwe, maana mteja aliyeteleza na kulipiwa matibabu mapema mara nyingi haoni sababu ya kwenda mahakamani.

Kuna faida nyingine ambayo wanunuzi wengi hawaitaji kabisa ninapowauliza walinunua nini, nayo kwa maoni yangu inastahili ada yote peke yake. Ni wajibu wa kampuni ya bima kukutetea. Ukishtakiwa kwa jambo linaloangukia ndani ya bima, kampuni humweka wakili, huwalipa wataalamu wa kutoa ushahidi na kugharimia shauri, hata kama madai yenyewe hayana msingi wowote. Katika fomu sanifu gharama hizo hazikatwi kwenye kikomo cha fidia. Zinalipwa juu yake. Mfanyabiashara mdogo aliyeshtakiwa kwa uongo anaweza kufilisika kwa ada za mawakili kabla ya hakimu kutamka kwamba hana hatia, na wajibu huu ndio unaomkinga. Zipo hati za bei nafuu ambazo gharama za utetezi zinakula kikomo kile kile cha fidia. Ukipewa hati ya namna hiyo, kikomo kilichoandikwa juu yake kisome kama kiasi kitakachoendelea kupungua tangu siku wakili anapofungua jalada.

Kuhusu vikomo vyenyewe nitasema kwa ufupi. Huwa kuna kikomo cha tukio moja na kikomo cha jumla cha kipindi chote cha bima. Mpangilio uliozoeleka sana Marekani ni dola 1,000,000 kwa tukio na dola 2,000,000 kwa mwaka. Kazi zilizokamilika na bidhaa zilizokwisha kukabidhiwa huwa na kikomo chake cha jumla kilicho peke yake. Vikomo hivyo haviongezeki kwa sababu wadai ni wengi.

Mambo yaliyoondolewa ni mengi, na karibu kila moja lina bima yake mahali pengine: majeraha ya wafanyakazi wako wakiwa kazini, ajali za magari, uchafuzi wa mazingira, dhara ulilolikusudia, na mali ya mteja iliyo chini ya uangalizi wako. Hilo la mwisho huwaumiza hasa mafundi wanaopokea vitu vya watu kwa matengenezo. Ushauri wa kitaalamu nao kwa kawaida huhitaji bima ya pekee. Mhandisi aliyekosea hesabu asitegemee hati hii.

Suala linalohitaji utulivu zaidi ni la tarehe. Tuseme uliweka kifaa cha kuchemshia maji mwaka 2018, kikalipuka na kumjeruhi mtu mwaka 2020, naye akakushtaki mwaka 2022. Hati ya mwaka gani italipa? Kwa bima inayofuata tukio, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi kwa dhima ya jumla, ni ile iliyokuwa hai mwaka 2020, siku mtu alipojeruhiwa. Mwaka ulipoifanya kazi hauhesabiki, na mwaka wa mashtaka hauhesabiki. Kutokana na hilo yanafuata mambo mawili. Hati za zamani hazitupwi, hata kama ulishahama kampuni ya bima mara tatu, kwa kuwa karatasi ya mwaka 2020 inaweza kuwa kitu pekee kinachosimama kati yako na deni la mwaka 2022. Pili, anayefunga biashara na kuacha kulipa bima anabaki wazi kwa kila kifaa alichokiweka ambacho bado hakijalipuka, maana majeraha ya baadaye hayatakuta hati yoyote iliyo hai. Watu wanaostaafu hawaambiwi jambo hili mara nyingi, nami nadhani ni wajibu wa kila dalali wa bima kuwaambia.

Aina ya pili hufuata dai: hati inayolipa ni ile iliyo hai siku dai linapowasilishwa, mradi dhara halikutokea kabla ya tarehe ya nyuma iliyoandikwa ndani yake. Ukibadilisha kampuni, hakikisha tarehe hiyo haisogezwi mbele, la sivyo miaka yote iliyo kati itabaki bila ulinzi.

Masharti ya hati nayo yana makali. Jalada moja lililopita mezani kwangu lilikuwa la mwenye karakana ambaye mteja wake alijikwaa kwenye waya na kuvunjika kifundo cha mkono. Kwa moyo mwema kabisa alimwandikia barua akisema kosa lilikuwa lake na kwamba angelipa kila kitu, akalipa awamu ya kwanza, na kampuni ya bima haikusikia neno mpaka miezi minne baadaye ilipofika barua ya wakili. Fedha alizokwisha kutoa hazikurudi, kwa kuwa sharti linasema mwenye bima asilipe wala kuahidi kulipa kwa hiari yake bila idhini, isipokuwa huduma ya kwanza. Na utetezi uliokuwa ukiwezekana, yaani kwamba mteja alikuwa amevuka kamba ya kuzuia watu, ulikuwa umeshadhoofishwa na barua ile. Mpe aliyeumia msaada, mpeleke hospitali, mwonyeshe utu. Lakini kuhusu nani mwenye kosa, toa taarifa kwa kampuni yako mara moja na uache swali hilo lijibiwe kwa utaratibu.

Fundi wetu, basi, asubuhi ile anapaswa kufunga maji, kupiga picha dari, kompyuta na sakafu kabla ya chochote kuhamishwa, na kutoa taarifa siku hiyo hiyo. Kisha akifungue kile kiungo kwa uangalifu, akiweke kwenye mfuko ulioandikwa tarehe na mahali kilipotoka, na asikubali kitupwe pamoja na vifusi. Ikionekana kwamba uzi wake ulipasuka kiwandani na haukulegezwa na mkono wa fundi, kampuni ya bima ikishamlipa mhasibu na mwenye jengo itakuwa na kitu cha kumwekea mezani aliyekitengeneza inapomdai fedha hizo.