Je, Mwamaleki ndiye aliyemuua Sauli?

Wengi wamezoea kusema kwamba Biblia inajipinga kuhusu kifo cha Mfalme Sauli, kwa kuwa 1 Samweli 31 inaeleza kuwa aliuangukia upanga wake mlimani Gilboa, ilhali katika 2 Samweli 1 kijana Mwamaleki, yaani mtu wa taifa la Waamaleki, anadai kuwa yeye ndiye aliyemmaliza. Tuangalie nani anasema. Maelezo ya 1 Samweli 31 ni maneno ya msimulizi, na 1 Mambo ya Nyakati 10 inakubaliana naye. Yale ya 2 Samweli 1 ni maneno ya mtu aliyefika Siklagi, mji alikokuwa Daudi, akiwa na nguo zilizoraruka na udongo kichwani, akamkabidhi Daudi taji na kikuku cha marehemu, bila shaka akitarajia zawadi. Daudi aliamuru auawe, akisema kinywa chake mwenyewe kimemshuhudia. Baadaye, katika 2 Samweli 4:10, Daudi anamtaja kama aliyeleta habari za kifo tu, wala hasemi kuwa ndiye muuaji. Wako wataalamu wanaoona hapa mapokeo mawili, yaani masimulizi mawili tofauti ya kale, yaliyounganishwa, lakini kwangu simulizi lilivyo linaeleweka vizuri zaidi likisomwa kama uongo wa mtafuta fadhila.