Mbawakawa wa mchangani: anza na mguu wa nyuma

Watu huniletea mbawakawa weusi kwenye chupa za maji, wengi wameokotwa kwenye mchanga wa Kigamboni, na kitu cha kwanza wanachonitajia ni rangi. Rangi naiweka pembeni. Mchangani weusi wamejaa, na si wote ndugu.

Nachukua lenzi ya mkono, namlaza mdudu chali, nahesabu pingili za nyayo. Miguu ya mbele, tano. Ya kati, tano. Ya nyuma, nne. Hapo karibu nina hakika ni Tenebrionidae, familia yenye spishi zipatazo 20,000. Akiwa na tano kote, namfikiria Carabidae, wale wawindaji wenye mbio ambao kila mtu huwachanganya na hawa. Kisha naangalia shina la kipapasio: kwa Tenebrionidae limejificha chini ya ukingo wa paji, ukitazama kwa juu hulioni.

Mabawa ya mbele yaliyoungana yakawa kama ganda moja yasikudanganye. Ni kweli, kwa wengi wa jangwani yamefunika nafasi ya hewa inayopunguza upotevu wa maji, na kuruka ndiyo basi tena. Lakini wapo Carabidae waliofanya hivyohivyo. Sifa hiyo inakueleza mdudu anaishi wapi, haikuelezi ukoo wake.

Tena familia hii si ya jangwani tu. Chekecha unga uliokaa sana: yule mdogo wa kahawia-nyekundu, Tribolium castaneum, naye ni 5-5-4. (Dumuzi, mnayemwita skania, hamo, yeye ni Bostrichidae.)

Ninayempenda zaidi yuko mbali na hapa, jangwa la Namib: Onymacris unguicularis, nusufamilia Pimeliinae, kabila (kundi ndani ya nusufamilia) Adesmiini. Ukungu ukiingia kutoka Atlantiki, hupanda kilele cha tuta, huelekea upepo, huinamisha kichwa na kuinua makalio, maji yakatiririka hadi mdomoni. Watafiti Hamilton na Seely walilieleza hilo mwaka 1976.

Mwaka 2001 watafiti wengine, Parker na Lawrence, wakaeleza mgongo wenye vinundu unaonasa ukungu, wa mbawakawa mwingine wa Namib, wakamwita mdudu huyo Stenocara. Wahandisi wakaanza kuuiga mgongo huo. Baadaye wanaowajua wadudu wa Namib wakasema yule ni Physosterna cribripes, kabila lilelile lakini jenasi nyingine, na wala si mzoefu wa kuinamia ukungu kileleni. Makala nyingi mpaka leo zinamwita Stenocara.