Je, wajua kilio kimetoka wapi?

Mtoto analia mezani. Anakula au anatoa machozi? Kiswahili kinaruhusu yote mawili, na ndiyo maana vijiweni utasikia kwamba maneno haya ni ndugu: eti anayelia huachama, na anayekula huachama vilevile. Wengine huuingiza humo na mkono wa kulia. Huo kweli ni mkono wa kulia chakula, ila machozi hayamo.

Hivi ni vitenzi viwili vilivyogongana njiani. Cha kwanza ni -la ya kula, iliyoongezewa i: kijiko cha kulia wali. Cha pili zamani kilikuwa -lila, na jamaa zetu wa Kibantu bado wanacho kizima. Kizulu ni ukulila, na hapo hakuna utata, maana kula ni ukudla. Kinyarwanda ni kurira, na machozi ni amarira. Kichewa huita msiba maliro.

L ya pili ilikwenda wapi? Kiswahili kimeimeza mara nyingi ikiwa katikati ya irabu: mvula ikawa mvua, njala ikawa njaa, -zala ikawa -zaa. Lakini l hiyo ni kama maji ya mto wa msimu wakati wa kiangazi: juu ni mchanga mtupu, ukichimba unayakuta. Kuchimba kwenyewe ni kunyambua. Zaa, lakini amezaliwa. Chukua, lakini imechukuliwa. Sasa chimba kwenye lia: wafiwa wanamlilia marehemu. Hiyo hapo! Ukimfanya mtu alie umemliza, na z hiyo ni l iliyogeuka, kama ya potea na poteza. Ukimfanya ale umemlisha. Njia zimeachana kabisa.

Tahadhari moja: l ya mnyambuliko peke yake si shahidi wa kutosha. Sahau ina asili ya Kiarabu na haikuja na l yoyote, lakini tunasema amesahauliwa bila haya. Imeiga wenzake tu. Kwa hiyo uzito uko kwa Wazulu na Wanyarwanda. Wanaisimu wakilinganisha lugha hizi hufikia shina la kale -did-, ambalo ni makisio ya kitaalamu, kwani hakuna aliyeliandika enzi hizo.

Na kilio? Kizulu wanaita isililo. Ondoa l yake ya pili, na kiambishi isi- kiwe ki-.